Kuhusu dawa ya kuzuia damu kuvuja kwenye ubongo wa njiti

Hongera na pole, dada. Umeuliza kama mwanao, aliyezaliwa jana kwa wiki 27, apewe indomethasini. Hiyo hutolewa saa za mwanzo kabisa, maana damu huvuja zaidi siku 3 za kwanza. Utafiti mkubwa wa 2001, kwa watoto chini ya kilo 1, ulionyesha kuvuja kukubwa kulishuka kutoka asilimia 13 hadi 9. Ila walipofika miezi 18, vifo na ulemavu havikupungua. Ndiyo maana madaktari wengi hawaitoi, usidhani wanambania. Waulize kama ulichomwa deksamethasoni kabla ya kujifungua. Ile "sindano ya mapafu" hukinga ubongo pia, tena vizuri. Omba na ultrasaundi ya kichwa.