Barua kwa mwanangu: mpe mwingine vayolini, wewe chukua viola

Ouko mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na zile picha pia. Unasema kanisa lenu hapo Nakuru limepewa vyombo vya nyuzi vilivyotumika, yaani vayolini, viola, chelo na dabo besi, kwaya inataka kuanzisha kikundi, na wewe umeambiwa uchague chako mapema. Halafu unauliza: "Mama, hivi vyote naona ni kitu kimoja, vinazidiana ukubwa tu. Ama kuna jambo lingine?" Lipo, tena ndilo la kuchagulia.

Ukubwa tuumalize upesi. Mwili wa vayolini ya mtu mzima, bila shingo, ni kama sentimita 35 na nusu. Viola huwa kati ya 38 na 43. Chelo ni kama 75. Inasimama sakafuni kwa mguu wa chuma na mpigaji huketi akaibana kwa magoti. Dabo besi humpita mtu kimo. Zote zina nyuzi nne, na upinde wake ni wa singa za mkia wa farasi zilizopakwa rosini, yaani utomvu mkavu wa msonobari. Wapiga orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja, wa huku Kisumu wanaijua siri hiyo zamani: bila utomvu upinde unateleza juu ya uzi, na husikii kitu.

Sasa sauti, na hapa sol-fa uliyokunywa ukiwa mdogo itakufaa. Nyuzi za vayolini kuanzia chini ni G, D, A, E. Kutoka mmoja hadi wa pili ni mwendo wa do hadi so. Viola ni C, G, D, A. Umeona? Nyuzi tatu ni zile zile za vayolini, kwa kimo kile kile kabisa cha sauti. Viola imeacha E ya juu, ikaongeza C chini. Kwa hiyo vile viwili vinavyofanana kama mapacha kwenye picha ya pili usivipime kwa macho. Chukua futi ya fundi nguo, upime mgongo, kisha tazama nyuzi. Penye uzi mwembamba sana, mara nyingi waya mtupu wa chuma, hiyo ni vayolini.

Chelo ina nyuzi zenye majina yale ya viola, oktavu moja chini, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Dabo besi ndiyo imeshika njia yake: E, A, D, G, mwendo wa do hadi fa. Sababu ni mkono wa binadamu. Uzi ni mrefu, nota jirani ziko mbali moja na nyingine, na zingepangwa kwa do na so mpigaji angeshinda akipanda na kushuka shingo. Hata mabega ya dabo besi mara nyingi yameinamishwa ili mkono ufikie nota za juu.

Lakini ninayotaka uifikirie ni viola. Ili mwili wake uitoe ile C kwa wepesi ambao vayolini inatoa G yake, ungepaswa kuwa mrefu mara moja na nusu ya vayolini, kama sentimita 53. Bega la nani litabeba hicho? Mafundi wakaona afadhali wapunguze, kila mmoja kwa kipimo chake, ndiyo maana mpaka leo viola haina saizi moja inayokubaliwa na wote. Chelo haikupata taabu hiyo kwa kuwa inabebwa na sakafu. Zamani ilikuwa kubwa zaidi. Nyuzi za utumbo zilipoanza kuzungushiwa waya katika karne ya 17, uzi mfupi ukaweza kulia chini, na mwanzoni mwa karne ya 18 fundi Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, akaitengeneza kwa kipimo ambacho mafundi wengi wanakifuata hata sasa. Viola yenyewe ilibaki na mwili mdogo kuliko sauti iliyokabidhiwa. Matokeo yake unayasikia kwenye C na G: sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu anayekusalimu alfajiri kabla hajaonja chai. Mimi sioni kama hiyo ni kasoro. Ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote nne.

Wanamuziki wana mizaha mingi juu ya wapiga viola, utaisikia tu, iache ipite. Mwana wa Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, aliandika kwamba baba yake alipenda kushika viola kikundi kinapocheza, na Mozart, mtunzi mwingine mkubwa, pia aliipiga alipocheza na wenzake. Hapo mtu hukaa katikati, mahali ambapo kila sauti inasikika. Wewe umeimba sauti ya tenor maisha yako yote, baba. Sikio lako limezoea kuishi ndani ya wimbo badala ya kuubeba juu. Tena nakuhakikishia, siku ya kugawa, kila mtu atakimbilia vayolini.

Kuna usumbufu mmoja: nota za viola huandikwa kwa ufunguo wake, yaani ile alama ya mwanzoni mwa mistari ya nota, ambapo C ya kati ya piano iko kwenye mstari wa katikati. Utauzoea. Ukiijaribu, iweke begani, nyoosha mkono wa kushoto hadi kichwani pake. Vidole vikizunguka kichwa huku kiwiko kimekunjika kidogo, inakutosha. Kiwiko kikinyooka kabisa, tafuta ndogo zaidi. Na mjukuu wangu msimpe vayolini ya mtu mzima eti ataikulia. Zipo za nusu na za robo, mtafutie.

Jambo la mwisho, na hili usilipuuze. Kabla hamjakaza uzi wowote, mulika tochi kwenye tundu lenye umbo la f upande wa nyuzi nyembamba. Ndani, karibu na mguu wa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, panatakiwa kijiti cha mbao kilichosimama. Hakina gundi, kimebanwa tu kati ya ubao wa juu na wa nyuma, kwa hiyo safarini huanguka. Kikiwa kimelala, legezeni nyuzi zote, maana mkikaza ubao wa juu unaweza kupasuka. Na fundi seremala wa mtaani asiguse ufa wowote kwa gundi nyeupe ya dukani: vyombo hivi hugandishwa kwa gundi ya ngozi ili viweze kufunguliwa tena. Nitumie picha ya ndani ya kila kimoja, nitakuambia vya kuleta Kisumu.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako