Maswali ya Wasomaji: Alamu Inayolia Bure na Ile Isiyolia Kabisa

Mhariri, tuna mashine ya kutengeneza mabomba ya plastiki. Kila hita ina kidhibiti joto chake, Omron E5CC, na joto lengwa ni nyuzi 190. Nilitaka alamu ilie joto likishuka chini ya 175. Sasa kila asubuhi inalia tangu tuwashe mpaka mashine ishike moto, na vijana wameshachoka, wameng'oa waya wa king'ora. Nifanyeje?
*Fundi wa zamu, Baba Dogo*

Alamu haina kosa. Imeambiwa ilie joto likiwa chini, na asubuhi joto liko chini. Unachotaka wewe ni alamu yenye kusubiri: inanyamaza tangu mashine iwashwe hadi joto lifike eneo salama kwa mara ya kwanza, ndipo ianze ulinzi.

Shikilia kitufe cha kubadilisha ngazi kwa sekunde 3, utaingia kwenye mipangilio ya awali. Ukiwa humo kidhibiti huacha kuendesha hita, kwa hivyo usifanye hivyo kazi ikiendelea. Tafuta ALT1, yaani aina ya alamu ya kwanza. Namba 3 ni alamu ya chini ya kawaida. Weka 7, ambayo ni ya chini yenye kusubiri. Rudi ngazi ya kazi kwa kitufe kile kile, kisha weka AL-1, yaani kiwango cha alamu hiyo, iwe 15.

Ni 15, si 175. Hapa ndipo wengi hukwama. Aina ya 3 na ya 7 huhesabu tofauti kutoka joto lengwa, kwa hivyo ukiandika 175 kidhibiti kitaitoa kwenye 190 na kungoja joto lishuke hadi nyuzi 15. Hiyo ni baridi ya alfajiri ya Julai, na plastiki itakuwa imeganda zamani. Ukipenda kuandika 175 yenyewe, tumia aina ya 11, ambayo pia ina kusubiri.

Kabla hujatoka kwenye mipangilio ya awali, pandisha pia ALH1, yaani pengo kati ya kulia na kunyamaza, kutoka 0.2 iliyotoka nayo kiwandani hadi 2. Alamu italia chini ya 175 na kunyamaza ikifika 177, badala ya rilei (swichi ya umeme iliyo ndani ya kidhibiti) kugonga tatata joto likichezacheza mpakani.

Lakini angalia waya kwanza. Ikiwa rilei hiyo hiyo ndiyo inayozuia mota ya skrubu isianze kabla plastiki haijalainika, usiiwekee kusubiri hata kidogo. Itanyamaza mashine ikiwa baridi, mtu atabonyeza swichi, na skrubu au giaboksi itavunjikia kwenye plastiki ngumu. Tumia alamu mbili: ALT1 iwe 7 kwa ajili ya king'ora, na ALT2 iwe 3, kwa 15 ile ile, kwa ajili ya kufunga mota.

Nina chumba baridi cha kuku. Joto lengwa ni 2, alamu ya juu ni 8. Usiku stima ilipotea, ikarudi baada ya saa kadhaa, lakini kompresa haikuanza. Asubuhi nilikuta nyuzi 14, na alamu haikulia hata mara moja. Aliyeifunga alisema aliiwekea kusubiri ili isipige kelele wakati wa kuwasha.
*Mfanyabiashara, Kariobangi*

Kusubiri ndiko kulikokuponza. Stima iliporudi, chumba kilikuwa kimeshapita 8. Kidhibiti kikaona ndiyo kwanza kinawashwa, kikangoja joto lishuke chini ya 8 ndipo kianze kulinda. Kompresa ikiwa imelala, joto halikushuka, na ulinzi haukuanza. Kwenye mashine ya mabomba kusubiri ni nafuu. Kwenye chumba baridi kunaziba mdomo wa alamu saa ile ile unapoihitaji. Kuondoe.

Badala yake weka ucheleweshaji. Vidhibiti vingi vya majokofu vina muda wa aina mbili: mmoja wa kila siku, wa kuvumilia mlango kufunguliwa na barafu kuyeyushwa (anza na dakika 30), na mwingine wa baada ya stima kurudi (anza na saa 1). Muda ukiisha na joto bado liko juu, italia, kompresa ianze isianze.

Bado king'ora chako kinatumia stima ile ile inayopotea. Geuza mpango: rilei ishikwe na umeme mambo yakiwa sawa, iachie alamu inapotokea. Kama rilei ya kidhibiti ina ncha mbili tu, iendeshe rilei ndogo ya nje yenye koili ya 240V. Pitisha king'ora cha 12V na betri yake kwenye COM (ncha ya pamoja) na NC (ncha inayoungana nayo rilei isiposhikwa na umeme) za rilei hiyo ya nje. Hapo joto likipanda, king'ora kinalia. Stima ikipotea, kinalia pia. Jaribu kwa kuzima swichi kuu, usiamini mchoro.

Kompresa nayo ikaguliwe: kinga ya fezi au ovalodi (kinga ya mota kuzidiwa) ikiruka, mara nyingi hungoja kubonyezwa kwa mkono.

Tangi letu la maji ya moto huwekwa 80. Siku hizi maji yanachemka kabisa, mvuke unajaa jikoni, na alamu ya 98 haijawahi kulia. Je, kihisi joto cha PT100 kimekufa?
*Msimamizi wa jikoni, South B*

Hakijafa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemkia karibu nyuzi 94. Tangi lisilofungwa haliwezi kufika 98 likiwa na maji. Weka alamu 88.

Ukitaka uhakika, tumbukiza kihisi kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo: kisome 0. Kwenye maji yanayochemka kisome karibu 94. Kikisoma 100, kuna fundi "aliyekisahihisha" kwa kuongeza nyuzi 6, ziondoe.

Ila kwa nini yanachemka wakati umeweka 80? Taa ya kidhibiti inayoonyesha hita ikizima, pima waya wa hita kwa mita ya kubana. Ukikuta ampea bado zinapita, SSR (rilei ya kielektroniki inayowasha na kuzima hita) imeungana ndani, na hakuna mpangilio utakaoizima. Ibadilishe, kisha rilei ya alamu ikate kontakta (swichi kubwa ya umeme) iliyo kabla ya SSR. Rilei ya alamu inamudu koili ya kontakta. Hita yenyewe usiipitishe hapo.