Niliokoka kwenye kwaya inayopotea sauti, mbona kwenye muziki mzuri moyo mkavu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe dada. Mi niliokokea kwenye kikanisa kidogo sana, kwaya watu saba, kinanda kina vitufe viwili havilii kabisa na mzee wa besi anaanza kabla ya wenzake kila wimbo. Siku hiyo niliingia kujikinga mvua tu, imani sikuwa nayo. Ubeti wa tatu wakapotea wakanyamaza wote, mwalimu wao akatabasamu akasema haya tuanze tena, basi pale pale nikaanza kulia hata sielewi nalia nini. Siku hizi nasali kanisa kubwa, muziki umenyooka, waimbaji wamefundishwa, ila nakaa mkavu. Rafiki yangu anasema zile zilikuwa hisia tu sio wokovu. Ni kweli?

JIBU: Asifiwe sana mpendwa. Swali lako nimelisoma mara tatu na kila nikifika kwenye "haya tuanze tena" nasimama kwanza, maana naona hapo ndipo jibu lilipo. Wewe hukulizwa na sauti, hazikuwa nzuri umesema mwenyewe. Uliona watu wamekosea mbele ya watu na hakuna aliyegombezwa wala kutolewa, wakapewa wimbo ule ule waanze upya. Labda ulikuwa hujawahi kufanyiwa hivyo popote. Hiyo ndiyo neema mpendwa, kabla hata mhubiri hajafungua Biblia.

Sasa soma Marko 14:26. Usiku ule wa mwisho Yesu na wanafunzi wake waliimba kwanza ndo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Wayahudi kwenye Pasaka huimba Zaburi ya 113 mpaka 118 kwa hiyo inaelekea ndizo walizoimba, na ndani ya ile ya 118 kuna jiwe walilolikataa waashi. Hebu fikiria nani walikuwa wanaimba pale. Petro yumo, na usiku huo huo atamkana mara tatu, na wenzake waliobaki watakimbia wote, mstari wa 50 unasema hivyo wazi. Yesu aliimba na hao hao! Hakungoja kwanza wawe imara ndo waanze wimbo. Mi hapa huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Kuhusu hisia, rafiki yako asikutishe ila usimpuuze pia. Augustino, yule askofu wa Hipo wa miaka kama 1,600 iliyopita, alikiri kwamba alilia akisikia nyimbo za kanisa siku za mwanzo za imani yake, halafu akakiri pia kuna wakati sauti inamgusa kuliko maneno yanayoimbwa na hilo akaliona kosa. Bado hakusema nyimbo zitolewe kanisani. Kwa hiyo jiulize, yale machozi yalikupeleka wapi? Kama ulianza kuomba, ukaanza kusamehe watu, ukabaki na Kristo hata mvua ilipokatika, hizo sio hisia tu.

Ila na wewe usije ukaanza kudharau kanisa lako la sasa eti kwa sababu wanaimba vizuri. Zaburi 33:3 inasema pigeni kwa ustadi, mazoezi ni sadaka pia, na uvivu wa kwaya sio unyenyekevu. Hata wale saba nina hakika walifanya mazoezi, uwezo wao tu ndo uliishia pale.

Ninachokiona mimi ni kwamba pale kwingine ulikuwa unaimba, hapa unasikiliza. Watu saba wakipotea hata mgeni anajikuta anasaidia, lakini spika zikiwa kali mtu anaona sauti yake haina kazi anafunga mdomo, mwisho anakaa anapima kama ameguswa au hajaguswa. Niliwahi kupita hapo baada ya msiba, karibu mwaka mzima sikuweza kumaliza wimbo bila sauti kukatika nikawa nanyamaza, mpaka mama mmoja aliyekuwa anakaa nyuma yangu akaniambia mwanangu imba hiyo hiyo iliyokatika. Nikaimba vibaya sana, na ndo nikaanza kuomba tena.

Jumapili hii kaa mbele, fungua mdomo, ukipotea ubeti subiri kiitikio uingie tena. Na ukipata nafasi rudi siku moja kwa wale saba umwambie yule mwalimu wa kwaya kilichokupata siku ile ya mvua, maana inawezekana kabisa alirudi nyumbani amehuzunika akidhani ibada imeharibika.