Dawa ya nguvu za kiume hailali kwenye dashibodi

Nafanya kazi kwenye famasi hapa Malaba, upande wa Uganda. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori wanaotoka Mombasa kwenda Kampala, na wengine wanapitiliza hadi Elegu na Juba. Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote ni hili: "Dokta, hii bado inafanya?" Mkononi kuna kidonge cha nguvu za kiume. Mara nyingi ni sildenafili, au tadalafili kwa wale wanaotaka ya kukaa mwilini muda mrefu. Kabla sijaangalia tarehe, namuuliza kilikuwa kinakaa wapi.

Tarehe ya mwisho wa matumizi ina sharti lake. Kiwanda kikiandika EXP 08/2027, kinaahidi kwamba hadi siku ya mwisho ya Agosti mwaka huo dawa itakuwa na nguvu yake, mradi imetunzwa kilivyoagiza: ndani ya pakiti yake, pakavu, na kwa dawa nyingi za aina hii joto lisizidi nyuzi 30. Viagra, sildenafili ya kwanza kabisa, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na kwa soko la Ulaya imepewa miaka 5 tangu kutengenezwa. Cialis, ambayo ni tadalafili, imepewa miaka 3. Viwanda vingine vinavyotengeneza dawa hizo hizo vina muda wao, kwa hiyo soma boksi lako mwenyewe, usitumie hesabu ya mwenzako. Sharti likivunjwa, ile tarehe haikulindi tena, hata kama imebaki miaka 2.

Sasa angalia lori lililosimama kwenye foleni ya mpaka saa nane mchana, vioo vimefungwa. Ndani ya gari namna hiyo joto linaweza kupita nyuzi 50, na dashibodi iliyo chini ya kioo cha mbele ndiyo inayopokea jua lote. Dawa iliyokaa humo Mombasa hadi Kampala, ikageuza, ikarudi tena, imeshachomwa mara nyingi bila mtu kujua, maana kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa. Kwetu Uganda nyumba nyingi za Kampala, Mbale au Fort Portal hazina shida kubwa ya joto. Lakini Gulu, Arua na Moroto wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, nyumba ya mabati isiyo na dari mchana haikaliki. Kama wewe mwenyewe huwezi kukaa humo, usikiache kidonge kikae juu ya kabati karibu na mabati.

Unyevu nao unaharibu, na watu hawauogopi vya kutosha. Bafuni, jikoni karibu na sufuria, vyumba vya pwani ya Ziwa Victoria kama Entebbe na Kalangala, miezi ya mvua ya Machi hadi Mei ambapo hata nguo kabatini zinanuka uvundo: kote huko kidonge kilichotolewa kwenye foili yake kinavuta maji. Ndiyo maana nakataa kabisa ile tabia ya kuvitoa vyote na kuvimwaga kwenye kikopo kimoja na Panadol. Foili ndiyo ukuta wake. Kikitoka humo, kinatakiwa kiende mdomoni.

Mzee mmoja alinifungulia waleti yake pale kaunta. Alikuwa amekata kipande kimoja kwa mkasi, kishimo kimoja tu cha foili, akakiweka nyuma ya kitambulisho. Foili ilikuwa imepasuka pale waleti inapokunjwa. Ukingo wa kidonge ulikuwa umemeguka, na unga wa buluu umeganda kwenye mshono wa ngozi. Tarehe haikuwepo, ilikatwa pamoja na vidonge vya mwanzo. Aliniuliza kama kinafaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, hiki hatuna la kukijadili, hatujui hata kilizaliwa lini." Ukikata foili, anza kula upande usio na maandishi, ule wenye EXP na namba ya toleo uwe wa mwisho.

Nimefikiria sana kwa nini dawa hizi ndizo zinazotunzwa vibaya kuliko zote, na jibu ninaloliona kila siku ni aibu. Hakuna mwanaume anayeficha dawa ya malaria kwenye sanduku la spana. Hakuna anayeweka dawa ya presha ndani ya soksi. Dawa ya nguvu za kiume inawekwa mahali ambapo mke hatapekua, na mahali hapo karibu daima ni pa joto, pa unyevu au pa kusugua. Kaka zangu, hili ni tatizo la mishipa ya damu, sukari, presha, mawazo, umri. Wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa moyo. Ni haki yenu kulitibu kama mnavyotibu jino.

Aibu hiyo ina hatari kubwa kuliko kupoteza pesa ya kidonge. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua, hospitali inaweza kumpa dawa ya jamii ya nitrati, ile ya kuweka chini ya ulimi. Ikikutana mwilini na sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, presha inaweza kuporomoka hadi mtu afe. Kama mgonjwa hawezi kusema na vidonge vimefichwa chini ya tairi la akiba, muuguzi atajuaje? Awepo mtu mmoja anayejua unatumia nini na kimewekwa wapi. Mke ndiye anayefaa zaidi. Kama haiwezekani, basi turniboi wako au ndugu yako. Na kama tayari unatumia dawa hizo za kifua, hivi vidonge si vyako, hata viwe vipya namna gani.

Je, kilichopita tarehe ni sumu? Kwa kawaida hapana. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nguvu iliyobaki, na hapo ndipo wanaume wanapojiingiza matatani. Anameza kimoja cha zamani, haoni kitu, anaongeza cha pili. Mwezi ujao ananunua vipya na kumeza viwili vile vile, kwa sababu "mwili wangu ni mgumu". Sildenafili mwisho wake kwa mtu mzima ni miligramu 100, mara moja kwa siku. Tadalafili inaweza kufanya kazi hadi saa 36, kwa hiyo kuongeza kesho yake ni kurundika. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kupambazuke. Halafu, kabla hujailaumu tarehe, jiulize ulikula nini. Sildenafili ukiimeza juu ya nyama ya kukaanga yenye mafuta mengi inachelewa sana, na tumbo likiwa tupu bado unahitaji kuipa karibu saa nzima.

Mahali pazuri ni pa kawaida tu: ndani ya boksi lake pamoja na ile karatasi ya maelezo, chumbani, mbali na dirisha, juu pasipofikiwa na watoto, na ikiwezekana pafungwe kwa ufunguo. Kidonge cha buluu machoni pa mtoto ni peremende. Friji haihitajiki kwa vidonge, ina unyevu wake, na umeme ukikatika unyevu huo unazidi. (Sindano za alprostadili, dawa nyingine ya tatizo hili hili, ni habari nyingine, uliza famasi kuhusu ile uliyopewa.) Dereva, weka yako kwenye begi la nguo, katikati ya nguo, na ushuke nalo lojini. Usiliache kwenye kebini. Beba vya safari hiyo tu, vikiwa ndani ya foili. Kama daktari amekuandikia nusu, nusu iliyobaki irudi kwenye foili na itumike mapema, kwa sababu pale ulipokata haina tena ganda.

Vile vya kuuzwa kimoja kimoja kwenye kibahasha cha karatasi, kataa, au omba uone boksi kilikotoka na usome tarehe mwenyewe. Nasema hivyo hivyo kuhusu unga wa mitishamba uliofungwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, bila jina wala tarehe. Mulondo ni mzizi ninaouheshimu, wazee wetu wameutafuna miaka mingi, lakini unga usio na jina unaweza kuwa umechanganywa na sildenafili ya kiasi kisichojulikana. Mwishoni mwa mwaka 2018 Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA, iliwaarifu wenzao wa Zambia kuhusu kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa huko. Mwanaume mmoja hapa Uganda alikinywa, akatokwa jasho bila kukoma na kusimamisha karibu saa 6. Kilipopimwa kilikutwa na sildenafili.

Vilivyopita muda au vilivyolala juani virudishe famasi, sisi tunavitenga na kuviharibu kwa utaratibu. Usivitupe jalalani, watoto wanaokota. Ukiona aibu kuja navyo mkononi, viweke kwenye bahasha, uniachie kaunta na kusema "za kutupa". Sitakuuliza jina.