Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi na panya wa maabara

Wengi mnaokuja Mwanza kujifunza utafiti wa kichocho mnafika mkijua kujaza fomu za kamati ya maadili. Ni jambo jema, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Lakini kibali kikishasainiwa, panya anabaki mikononi mwako.

Kwanza jiulize kama anahitajika kweli. Ukitaka kujua iwapo konokono wa ufukweni wana vimelea vya kichocho, panya wa nini? Waweke kwenye maji safi chini ya mwanga. Vimelea vitatoka vyenyewe, uvitazame kwa hadubini. Hata dawa mpya huanza kujaribiwa kwenye sahani ya maabara, juu ya vimelea vilivyokatwa mikia na kugeuka minyoo michanga. Panya anakuja tunapotaka kujua dawa itafanya nini ndani ya mwili wenye ini na damu. Mzazi wa Ukerewe ambaye mwanawe amevimba tumbo kwa kichocho anastahili jibu hilo, kwa hiyo siungi mkono wanaotaka tuache wanyama kabisa leo.

Wanasayansi Waingereza Russell na Burch walishaandika mwaka 1959 kuhusu wanyama wa utafiti: badilisha (tumia njia isiyo na mnyama ukiweza), punguza idadi yao, boresha wanavyotendewa. Kupunguza kusikupotoshe. Ukitumia panya wachache mno, majibu hayasomeki na wote wamekufa bure. Kaa na mtakwimu mapema.

Kwenye kuboresha ndiko ninakowasihi zaidi. Usimnyanyue panya kwa mkia. Mwache aingie kwenye kibomba cha plastiki, au mbebe kwa viganja viwili. Utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa akishikwa hivyo wasiwasi wake hupungua. Kila asubuhi, kabla hujagusa maranda, mtazame usoni. Macho yaliyofinywa, masikio yaliyorudi nyuma, manyoya yaliyosimama, kujikunja pembeni mwa kizimba: huyo anaumwa. Panya wenye kichocho wachunguzwe zaidi kuanzia wiki ya sita au ya saba, minyoo inapotaga na mayai kunasa kwenye ini.

Basi andikeni kabla ya kuanza: akionyesha dalili zipi, tunamaliza mateso yake papo hapo kwa kumuua bila maumivu, hata kama data haijatimia. Na aliye zamu Jumapili apewe mamlaka hayo kwa maandishi, pamoja na mafunzo na vifaa, asilazimike kusubiri mkubwa wake apokee simu huku mnyama anateseka.