Kwa mdogo wangu wa Uyole, kuhusu pesa ya gemu
Mdogo wangu, umeuliza kama Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, watakurudishia pesa uliyochangia lile gemu la mikakati ambalo mpaka leo halijakamilika. Hawarudishi. Wao hukata kadi yako mradi ukifikisha lengo, wanachukua asilimia 5 yao, mengine ni kati yako na mtengenezaji. Si sawa na gunia la viazi pale Mwanjelwa, unaloliona kabla ya kulipa.

Ila usinyamaze. Kinachoniuma ni kuona vijana wetu wanameza hasara kimya kwa sababu mtengenezaji yuko ng'ambo. Masharti yao yanasema aliyeshindwa kumaliza aeleze fedha zimetumikaje na arudishe zilizobaki. Mdai hilohilo, hadharani, kwenye ukurasa wa mradi. Benki nao waulize kama unaweza kupinga malipo, japo muda ukishapita sana ni vigumu.

Hata gemu la Godus, la kampuni ya 22cans, lilichangiwa hukohuko Kickstarter zaidi ya pauni 500,000 mwaka 2012. Toleo la simu likatoka, la kompyuta halikukamilika, na 2023 likaondolewa Steam, duka la magemu la mtandaoni. Kwa hiyo huyo rafiki yako wa Iringa anayetaka kuchangia sehemu ya pili ya lile gemu lako, mwambie asubiri itoke, ainunue ikiwa nzima.