Manowari, merikebu au meli?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu HMS London, chombo cha vita cha Waingereza kilichokaa Unguja zama za Sayyid Barghash. Kilikuwa cha mbao, kina matanga na injini ya mvuke. Mwenzangu anasema manowari lazima iwe ya chuma, hivyo niandike merikebu. Tena Kiingereza hukitaja kama mwanamke. Je, niandike "alitia nanga" au "ilitia nanga"?

JIBU: Andika manowari, na mwenzako umwambie asitazame mbao wala chuma. Neno hilo tumelichukua kwa mabaharia wa Kiingereza, kutoka "man-of-war", nao walilitumia kwa vyombo vya vita tangu enzi za matanga matupu. Linataja kazi ya chombo. Ndiyo maana "meli ya manowari" inanikera: vita vimetajwa, na meli imo humo humo.

London yenyewe ni ushahidi mzuri. Iliposhushwa majini mwaka 1840 ilitegemea upepo tu, ikiwa na mizinga 90. Mwaka 1854 ilishiriki kuipiga Sevastopol, bandari ya Warusi wakati huo. Injini na rafadha, yaani panga la kusukumia chombo, vilitiwa mwaka 1858, milingoti ikabaki. Ilipofika Unguja mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya soko la watumwa kufungwa, ikawa kama kituo: yenyewe imetulia bandarini, mashua zake ndizo zinazokimbizana na majahazi ya watumwa hadi Pemba. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa mwaka 1881 katika kazi hiyo. Mwaka 1884 iliuzwa ivunjwe. Sasa, ilikuwa manowari kuanzia mwaka gani? Tangu siku ya kwanza.

Merikebu si kosa, ila ni neno pana. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kupanda, na hubeba biashara sawasawa na vita. Wazee wa pwani walisema pia "merikebu ya moshi", nami ningelitumia hilo pale unapoeleza injini. Stima nayo ilikuwa meli, kabla Wakenya hawajaigeuza kuwa umeme, kwa hiyo msomaji wa Nairobi atacheka ukiandika "stima ilitia nanga".

"Alitia nanga" futa. Manowari iko ngeli ya I-ZI: manowari hii imefika, manowari hizi zimefika. Huo uanamke ni wa Kiingereza, uuache huko huko. Ila nahodha ni mtu: yeye alitia nanga, manowari ikatulia.